Mzaha wa kikabila: Mpaka uko wapi kati ya utani na chuki?

NI NADRA mazungumzo ya siasa nchini Kenya kumalizika bila mtu kukumbushwa alikotoka. Iwe ni katika kibanda cha chai, ndani ya matatu, kwa kinyozi au katika makundi ya simu yanayowaunganisha watu ambao hawajawahi kuonana ana kwa ana, hoja kuhusu bei ya unga au uteuzi wa waziri hugeuka upesi ikawa mzaha kuhusu kabila. Mmoja huambiwa kwamba watu wa kwao husikia mlio wa sarafu hata wakiwa usingizini. Mwingine huambiwa kwamba kwao suti hununuliwa kabla ya unga. Wa tatu huambiwa kwamba kwao hata kura hupigwa chini ya mnazi, mpigaji akiwa amelala. Watu hucheka, na mazungumzo huendelea.

Mara nyingi kicheko hicho hakina madhara. Hata hivyo, wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Katika taifa ambalo, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, watu 1,133 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007, swali la ni wapi utani hukoma na chuki huanzia si la wanaisimu peke yao. Ni swali la usalama wa jirani.

Utani una kanuni zake

Katika lugha ya Kiswahili, neno utani lina maana pana kuliko maneno ya kuchekesha. Utani ni uhusiano. Mtani si mtu yeyote anayependa mzaha, bali ni yule ambaye mila imempa ruhusa ya kumtania mwenzake, na ambaye naye hana budi kutaniwa.

Nchini Tanzania, ambako desturi hii ingali na mizizi, Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi, Wachaga ni watani wa Wapare, nao Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, siku hizi huitana watani. Baadhi ya mahusiano hayo yalizaliwa vitani, na mengine katika misafara ya biashara iliyotoka bara hadi pwani, ambapo mgeni alihitaji mwenyeji wa kumpokea na kumlinda njiani.

Mwanaanthropolojia A.R. Radcliffe-Brown, aliyeandika kuhusu mahusiano ya namna hii mwaka wa 1940, aliueleza utani kuwa ni utovu wa adabu ulioruhusiwa. Kwa mtazamo wake, mzaha huwawezesha watu wenye sababu ya kugombana kuishi pamoja bila kugombana. Badala ya kuuficha uhasama, huutoa hadharani ukiwa umekwisha kung'olewa meno.

Lakini ruhusa hiyo ina masharti matatu. La kwanza, utani ni wa pande mbili: anayetania leo atataniwa kesho, wala hana haki ya kukasirika. La pili, una mipaka inayojulikana na wote. La tatu, ambalo ndilo kubwa zaidi, utani una wajibu. Msiba unapotokea, mtani ndiye hufika mapema, akasaidia kuchimba kaburi, kupika na kuwahudumia waombolezaji. Ni yeye pia huthubutu kumwiga marehemu au kuzuia shughuli hadi apewe kitu kidogo, ili waliofiwa wapate kutabasamu katikati ya machozi.

Kwa maneno mengine, mtani amelipia haki yake ya kucheka. Anaweza kumwita mwenzake bahili kwa sababu mwenzake anajua kwamba siku ya dhiki atamwona mlangoni.

Nchini Kenya, jamii nyingi zina mizaha inayoruhusiwa baina ya babu na wajukuu au baina ya mashemeji. Lakini mizaha baina ya makabila, hasa ile ya kisiasa, haikujengwa juu ya makubaliano kama hayo. Imerithi ulimi wa utani bila kurithi wajibu wake.

Sifa zilizobandikwa na wakoloni

Jambo la pili linaloutofautisha mzaha wa Kenya ni chanzo cha sifa zinazotumiwa. Wengi huamini kwamba sifa hizo zilitokana na tabia za tangu jadi. Ukweli ni kwamba baadhi yake zilichongwa katika ofisi za serikali ya kikoloni, zikiwa majina ya kuwagawa watu kulingana na kazi walizotakiwa kufanya.

Mfano mzuri ni dai kwamba watu wa Pwani ni wavivu. Baada ya utumwa kupigwa marufuku rasmi katika ukanda wa Pwani mwaka wa 1907, wenye mashamba makubwa walikosa wafanyakazi. Waliokuwa watumwa, pamoja na Wamijikenda, walipendelea kulima chakula chao wenyewe kuliko kuwafanyia wengine kazi kwa ujira mdogo. Maafisa wa kikoloni waliueleza uamuzi huo kuwa ni uvivu. Wagiriama walipotakiwa kulipa kodi na kutoa vijana wa kufanya kazi za serikali, walikataa. Upinzani huo, ambao Mekatilili wa Menza aliuhamasisha kuanzia 1913, uligeuka kuwa vita mwaka wa 1914. Basi kilichoitwa uvivu kilikuwa ni watu huru kukataa kutumikishwa. Anayerudia mzaha huo leo hurudia, bila kujua, lalamiko la tajiri aliyekosa vibarua.

Wakamba nao walisifiwa na Waingereza kuwa askari watiifu, wakaandikishwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles. Sifa hiyo ya utiifu haikuzingatia yaliyotokea mwaka wa 1938, serikali ilipoanza kuwanyang'anya mifugo kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo. Maelfu yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi huko wakidai mifugo yao, na serikali ikalazimika kulegeza msimamo.

Mifano hii miwili inaonyesha jinsi dhana za jumla zinavyofanya kazi. Hutwaa tukio moja au mahitaji ya wakati fulani, zikafuta sababu zake, kisha zikaligeuza kuwa tabia ya damu. Tabia ikishahesabiwa kuwa ya damu, haiwezi kukanushwa kwa ushahidi. Mpwani akionekana akifanya kazi usiku na mchana, ataambiwa tu kwamba yeye si kama wenzake.

Mzaha unapokutana na hesabu ya kura

Hatari huongezeka msimu wa uchaguzi unapowadia. Tangu siasa za vyama vingi ziliporejea mwishoni mwa 1991, vyama vingi vimejengwa kwa kuunganisha vigogo wa kimaeneo, na kila kigogo huhesabiwa kwa idadi ya kura anazodhaniwa kubeba kutoka kwao. Katika hali hiyo, kabila haliwi tena suala la lugha na chakula pekee, bali huwa kadi ya uanachama ambayo mtu hakuiomba. Mzaha kuhusu kabila lake hugeuka kuwa hoja ya kwa nini watu wake hawafai kutawala, au kwa nini hawafai kuishi mahali fulani.

Neno madoadoa ni ushahidi tosha. Kwa kawaida doa ni alama katika nguo au ngozi. Katika Bonde la Ufa, ambako watu kutoka maeneo mengine walinunua mashamba baada ya uhuru, neno hilo lilitumiwa kuwarejelea waliohesabiwa kuwa wageni. Halikutaja kabila lolote wala kumtisha mtu waziwazi. Lakini kila aliyelisikia alijua kwamba doa huondolewa. Eneo hilo lilikumbwa na mapigano ya kikabila katika kipindi cha uchaguzi wa 1992, na tena baada ya ule wa 2007. Katika Pwani, kauli za kuwataka wabara warudi kwao zilitangulia mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997, ambapo watu waliuawa na maelfu kulazimika kuhama.

Mzaha mwingine uliogeuka mkasa ni ule wa tohara. Kwa miaka mingi, wanasiasa waliwakejeli wapinzani wao kutoka jamii ya Waluo kwamba si wanaume kamili kwa kuwa mila zao hazikuwa na tohara, na mikutano ya hadhara ikaangua kicheko. Mnamo Januari 2008, katika miji ya Naivasha na Nakuru, baadhi ya wanaume wa jamii hiyo walikamatwa na magenge na kutahiriwa kwa nguvu. Kitendo hicho kilifika hadi mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa kuhusu Uhalifu (ICC) mjini The Hague, na katika uamuzi wao wa Januari 2012 walikihesabu miongoni mwa vitendo vya kinyama. Waliobeba panga hawakubuni wazo hilo siku hiyo. Walilikuta limekwisha kuzoeleka masikioni.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33, lakini kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo haujumuishi matamshi ya chuki wala uchochezi wa kikabila. Kabla ya hapo, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaa tume ya NCIC. Chini ya Sehemu ya 13 ya sheria hiyo, anayetumia maneno ya vitisho au matusi kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh1 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au yote mawili.

Sheria hiyo haikuishia kwenye nia. Inagusa pia maneno ambayo, kwa kuzingatia mazingira yote, yanaelekea kuchochea chuki. Hapo ndipo penye ugumu. Neno lile lile linaweza kuwa mzaha mezani na uchochezi jukwaani. Mnamo Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi, NCIC ilitangaza orodha ya maneno iliyoyataja kuwa ya chuki. Madoadoa na kwekwe yalikuwemo, na hata sipangwingwi, neno la wimbo wa vijana lililokuwa limegeuzwa kaulimbiu ya kisiasa. Wakosoaji waliuliza iwapo neno laweza kushtakiwa peke yake bila msemaji, msikilizaji na mahali lilipotamkwa.

Mahakama nazo zimeonyesha kwamba sheria isiyoeleweka ni hatari kwa upande wa pili. Mnamo Aprili 2016, Mahakama Kuu ilibatilisha Sehemu ya 29 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, iliyotumiwa kuwashtaki watu kwa maandishi ya mtandaoni, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno kiasi kwamba raia hakuweza kujua ni lipi lililokatazwa.

Vipimo vinne vya msikilizaji

Kwa kuwa polisi hawawezi kukaa katika kila meza ya chai, mzigo mkubwa unabaki kwa wasemaji na wasikilizaji wenyewe. Kanuni za utani wa jadi zinatoa vipimo vinavyoweza kutumiwa na mtu yeyote.

Kwanza, je, mzaha unarudi? Ikiwa upande mmoja hutania kila siku na mwingine hunyamaza, huo si utani. Pili, je, anayetaniwa yupo? Mtani humtania mtu usoni pake. Anayesema kuhusu watu wasiokuwepo huwa anasengenya. Tatu, je, maneno yanahusu kinachofanywa au kuzaliwa kwenyewe? Kumcheka mtu kwa kupenda kuku ni jambo moja. Kumwita kwekwe, doa au mende ni kumtoa katika ubinadamu, na kisichokuwa binadamu hakihurumiwi. Nne, je, kuna dai nyuma ya kicheko? Mzaha unaomalizika kwa kueleza nani asichaguliwe, asiajiriwe au asipangishwe nyumba umekwisha kuwa siasa ya ubaguzi.

Vipimo hivi havimaanishi kwamba Wakenya waache kucheka. Vipindi kama Vioja Mahakamani na Vitimbi vimewachekesha watu wa matabaka yote kwa lafudhi za kila pembe ya nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la Redykyulass lilithubutu kumwiga Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani. Mzaha wa namna hiyo ulielekezwa kwa mwenye nguvu, na taifa likapumua.

Tena, kuna dalili kwamba baadhi ya raia wamechoshwa na mzaha wa aina ile nyingine. Katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana walijitambulisha kuwa hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Miezi michache baadaye, mnamo Oktoba 17, 2024, Seneti ilimwondoa mamlakani Naibu Rais Rigathi Gachagua. Baadhi ya mashtaka iliyoyathibitisha yalihusu matamshi yaliyodaiwa kuwagawa Wakenya kikabila, ikiwemo kauli iliyoifananisha serikali na kampuni ya wenye hisa. Wafuasi wake waliyaona mashtaka hayo kuwa njama za kisiasa. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2010, maneno kuhusu nani ana haki kubwa kuliko mwenzake yalichangia kumwangusha kiongozi wa ngazi hiyo.

Ulimi hauna mfupa, lakini una mwenyewe. Ikiwa Wakenya wataendelea kuitana kwa majina ya makabila yao huku wakicheka, na hapana shaka wataendelea, basi ni heri wauchukue utani mzima kama ulivyoachwa na wazee: ruhusa ya kumcheka jirani pamoja na wajibu wa kuwa wa kwanza kubisha hodi anapofikwa na msiba.