Fila Ikikukataa Usoni, Usikimbilie Sindano Nyingine

Boksi la fila, yaani kijazo kinachodungwa usoni, kutoka kampuni zinazojulikana halina vitu vingi. Ndani yake mna bomba la sindano lililojazwa tayari, mara nyingi mililita moja ya jeli nzito isiyo na rangi, sindano nyembamba, karatasi ya maelezo, na stika ndogo zenye jina la bidhaa na namba ya toleo. Stika moja hubandikwa kwenye faili la mteja, na mteja mwenyewe ana haki ya kuomba ya kwake. Wanaojazwa midomo kwenye chumba cha nyuma cha saluni aghalabu hawalioni hata hilo boksi. Hukuta bomba limeshafunguliwa, wanaambiwa ni “ya Ulaya” au “ya Korea”, wanalala kitandani, wanadungwa.

Siku uso unapoanza kuwasumbua, kila uamuzi unategemea kitu ambacho hawakuambiwa: ni nini hasa kilichoingia chini ya ngozi yao.

Fila nyingi zinazotumika leo zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki. Kitu hicho si kigeni mwilini. Kimo kwenye ngozi, kwenye ute wa viungo na ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer walikigundua mwaka 1934 wakichunguza jicho la ng'ombe mjini New York. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha fila ya kwanza ya aina hiyo, Restylane, mwaka 2003, na sifa yake kubwa haimo kwenye kujaza. Ni kwamba inayeyushwa. Ipo dawa ya kimeng'enya iitwayo hayaluronidezi ambayo daktari huidunga mahali penye fila, nayo huikatakata jeli hiyo hadi mwili uiondoe. Matokeo huanza kuonekana ndani ya saa chache, na baada ya siku moja au mbili sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Lakini fila si moja. Zipo za chembe za kalisi, kama Radiesse. Ipo Sculptra, ambayo hujaza kwa kuuchochea mwili utengeneze kolajeni yake. Zipo zenye vidonge vidogo mno vya plastiki ambavyo havitoki kamwe. Na ipo silikoni ya maji, ambayo FDA haijawahi kuidhinisha idungwe kwa ajili ya kujaza uso au kunenepesha mwili, lakini bado inadungwa na watu wasio na leseni. Hizi zote hayaluronidezi haiziyeyushi. Baadhi hupungua zenyewe kwa miezi au miaka. Silikoni na plastiki, zikileta vinundu, huhitaji dawa za kutuliza uvimbe, pengine upasuaji, na upasuaji wa usoni huacha kovu. Kwa mwenye ngozi inayoota keloidi, hilo ni jambo la kulipima mara mbili.

Balaa hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari wa Ulaya walidunga nta ya parafini, jamaa ya nta ya mshumaa. Gladys Deacon, mrembo wa Marekani ambaye baadaye aliolewa na Duke wa Marlborough huko Uingereza, aliwekewa nta hiyo puani akiwa bado binti ili pua yake inyooke. Nta ikahama, ikashuka hadi kidevuni, na uso uliokuwa ukisifiwa kote Ulaya ukaharibika kwa maisha yake yote. Hakukuwa na dawa ya kuiyeyusha.

Tuseme basi una bahati: stika ipo, na fila ni ya hayaluroniki. Hujaipenda. Mdomo wa juu umetokeza mno, shavu moja limepanda kuliko jingine. Kama ni siku ya tatu, unachokiona kwenye kioo kwa sehemu kubwa ni uvimbe wa sindano. Madaktari wenye uzoefu hukataa kuutolea uamuzi uso kabla ya wiki mbili kupita, na wengine husubiri mwezi. Mimi naona hapa ndipo pesa nyingi na machozi mengi yangeweza kuokolewa, kwa sababu mtu mwenye hofu hurudi kliniki wiki ile ile, na kliniki iliyo tayari kuuza humwongezea upande ulio mdogo “ili ulingane”. Uvimbe ukishuka, tofauti inageuka upande wa pili.

Kuongeza ndiyo njia rahisi na ndiyo mbaya kuliko zote. Courteney Cox, mwigizaji wa Friends, alieleza mwaka 2017 kwamba aliongezewa safu juu ya safu bila kutambua, kwa kuwa mabadiliko yalikuja kidogo kidogo, hadi alipojitazama na kuona sura isiyo yake. Akayeyusha zote. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ahadi ya kwamba fila “inaisha yenyewe kwa miezi sita hadi mwaka” haisimami kila mara. Picha za MRI zimeonyesha fila ya hayaluroniki ikiwa bado imekaa katikati ya uso miaka kadhaa baada ya kudungwa. Anayengoja iishe anaweza kungoja sana, na anayeongeza kila mwaka huenda anaongeza juu ya iliyopo.

Kuyeyusha nako kuna gharama yake. Hayaluronidezi inaweza kuleta mzio, mara chache ukawa mkali. Kwa kuwa sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo, aliyewahi kuvimba vibaya au kuzimia kwa kuumwa na nyuki au nyigu lazima amwambie daktari kabla. Daktari makini hujaribu tone kwenye mkono na kusubiri kama nusu saa. Baada ya sindano, sehemu huvimba tena siku moja au mbili. Kisha huja mshtuko: uso huonekana umebonyea. Dawa hugusa pia hayaluroniki ya asili, ingawa hiyo mwili huirudisha haraka, na ngozi iliyokuwa imetanuka huhitaji muda kujivuta. Mwenye kujua hili mapema huvumilia. Asiyeambiwa hudhani ameharibiwa mara ya pili.

Anayelalamikia fila hupewa jibu la haraka hapa kwetu: si ulijitakia mwenyewe? Nalichukia jibu hilo. Aliyelipia huduma akaumizwa ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine. Aibu hiyo humfungia mtu ndani, humvalisha barakoa mezani na ndugu zake, na humrudisha kwa yule yule aliyemdunga kwa sababu ndiye pekee anayeijua siri.

Na kuna hali ambayo aibu inaweza kumpotezea mtu jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa wa damu, au ikaubana, ngozi inayolishwa na mshipa huo huanza kufa. Sehemu za hatari kubwa ni katikati ya nyusi na puani. Jicho likikosa damu, nuru inaweza kupotea moja kwa moja ndani ya saa moja na nusu. Vitabu vingi vinasema uangalie ngozi ikigeuka nyeupe, lakini vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu weupe huo hauonekani vizuri. Ngozi huweza kuwa ya kijivujivu, au ikatoka mabaka kama wavu. Geuza mdomo utazame ndani yake, bonyeza ufizi uone kama rangi inarudi haraka. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ubaridi mahali pamoja, kuona ukungu: usilale nayo, usikande barafu, usisubiri kesho. Hapo hayaluronidezi hudungwa papo hapo, bila kusubiri jaribio la mkononi. Ndiyo maana asiyekuwa nayo kabatini hastahili kumdunga mtu fila.

Kwa mambo mengine yote, nafasi ya kuchagua ipo. Jina la daktari linaweza kuulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa Kenya kwenye daftari la baraza la madaktari la huko, KMPDC. Asiye na stika anaweza kupimwa kwa altrasaundi na mtu aliyeizoea kazi hiyo, kwani fila ya hayaluroniki na silikoni hazifanani kwenye skrini. Picha za uso wa zamani, zisizochujwa na programu ya simu, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Kinachovuruga zaidi ni ratiba ya sherehe. Kitchen party imekaribia, send-off ni Jumamosi ijayo, na bibi harusi anataka mashavu yayeyushwe leo na kujazwa upya Alhamisi. Daktari mwaminifu atamwambia hapana. Baada ya kuyeyusha husubiriwa takriban wiki mbili kabla ya fila nyingine, na uvimbe wa siku mbili za kwanza ungempeleka ukumbini akiwa na sura mbaya kuliko aliyokuja nayo. Kama si dharura, aende na mashavu hayo hayo, mpambaji mzuri afanye kazi yake, na miadi iwekwe baada ya fungate.