Ndege ndogo Pemba: kununua ni rahisi, kuilisha ndiyo kazi

Mfanyabiashara wa Chake Chake mwenye shughuli Dar es Salaam anajua hesabu ya safari yake. Boti ina ratiba yake, na bahari ina yake. Akienda kwa boti hupoteza siku, na akienda kwa ndege ya abiria hufuata saa za kampuni. Ndiyo maana wenye uwezo hujiuliza: je, haifai kununua ndege ndogo ya mtu binafsi?

Swali hili si la anasa peke yake. Pemba ni kisiwa, na kuvuka kuna hatari zake. Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba na mamia ya watu wakapoteza maisha. Mgonjwa aliyezidiwa anayepelekwa Mnazi Mmoja au Muhimbili huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Ukurasa huu umepiga hesabu ya ndege hiyo kwa kipimo cha kibiashara: itagharimu nini kwa mwaka, na ni lini itamlipa mwenyewe.

NDEGE GANI?

Mfano wetu ni Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne. Ilianza kuundwa mwaka 1956, na zaidi ya 44,000 zimetoka kiwandani. Hakuna ndege nyingine duniani iliyoundwa kwa wingi huo. Kwa sababu hiyo vipuri vyake vinapatikana na mafundi wanaifahamu. Zinazouzwa kwa bei nafuu ni zile kuukuu, kwani Cessna ilisimamisha kuunda ndege ndogo za injini ya pistoni mwaka 1986 na kurudi tena mwaka 1996. Mnunuzi asishangae kuambiwa ndege "nzuri sana" ina umri wa miaka 45.

Kwa mwendo wa kawaida ndege hii huenda karibu kilomita 195 kwa saa na kutumia takriban lita 34 za mafuta. Kutoka uwanja wa Pemba hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 190 kwa mstari ulionyooka, hadi uwanja wa Unguja ni kama 125, na hadi Tanga ni kama 83 tu. Kwa hiyo Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja. Ukiongeza kutembea uwanjani na kupanda juu, kwenda na kurudi ni saa 2.2 za injini. Kuhusu uwanja, hakuna tatizo: njia ya lami ya Pemba, yenye urefu wa takriban kilomita moja na nusu, ni zaidi ya mara mbili ya inayohitajiwa na ndege ya aina hii.

Viti vinne visimdanganye mtu. Ukiondoa uzito wa ndege yenyewe na mafuta ya saa tatu na nusu, kinachobaki ni kama kilo 277. Hao ni rubani na watu wazima wawili wenye mizigo yao. Anayefikiria kubebea karafuu ajue kwamba rubani akishakaa, nafasi iliyobaki ni ya magunia matatu ya kilo 50. Biashara ya mizigo tuiachie meli.

GHARAMA ZISIZOJALI KAMA UMERUKA

Takwimu za dola zinazofuata ni za mfano ili msomaji aone njia ya hesabu. Atakayenunua aweke bei atakazopewa na muuzaji, bima na karakana. Tumetumia dola kwa sababu vipuri na bei ya ndege yenyewe hufuata dola, hata kama mapato ya mwenye ndege ni ya shilingi.

Tuseme ndege imenunuliwa kwa dola 100,000. Kwa mwaka:

Bima ya ndege na ya watu wengine: 4,000
Ukaguzi wa mwaka na kuzuia kutu: 5,000
Maegesho na banda: 2,400
Vyeti, leseni na vipimo vya afya vya rubani: 1,000
Gharama ya mtaji kwa asilimia 8: 8,000
Jumla: dola 20,400

Mstari wa mtaji ndio wengi wanaousahau. Fedha iliyokaa kwenye ndege ni fedha ambayo haikununua bidhaa, haikujenga nyumba ya kupangisha na haikukaa benki kuzaa faida. Aliyekopa atauona mstari huo kwenye barua ya benki, lakini hata asiyekopa anaulipa bila kuandikiwa barua.

Mstari wa kutu nao ni wa Pemba hasa. Ndege ni aluminiamu, na hewa ya chumvi huila kuanzia kwenye maungio na misumari, mahali ambapo jicho halifiki. Ndege inayolala nje karibu na bahari inahitaji kuoshwa kwa maji baridi, kupakwa dawa ya kuzuia kutu na kukaguliwa ndani. Anayebana matumizi kwenye banda atalipia bati jipya la ubawa baadaye.

GHARAMA ZA KILA SAA

Kwa kila saa ya kuruka:

Mafuta, lita 34 kwa dola 3: 102
Oili ya injini: 5
Ukaguzi wa saa 100, tairi, breki na propela: 33
Ada za kutua na kuongozwa: 10
Jumla: dola 150

Mafuta yenyewe yanahitaji maelezo. Injini hii haitumii mafuta ya ndege kubwa, yaani Jet A-1, bali petroli maalumu iitwayo avgas. Petroli hiyo ina madini ya risasi, na dunia inaikimbia: kiwanda kinachotengeneza kiungo hicho cha risasi kwa ajili ya soko la dunia ni kimoja tu, nacho kiko Uingereza, na Marekani imejiwekea lengo la kuachana nayo ifikapo mwisho wa 2030. Bidhaa yenye msambazaji mmoja haina bei ya kutabirika. Aidha, avgas huuzwa kwenye vituo vikubwa, si kila kiwanja. Mwenye ndege Pemba apange kujaza Dar es Salaam na kubeba mafuta ya kwenda na kurudi. Tangi za 172 zina nafasi hiyo, ila kila lita ya ziada inapunguza uzito wa abiria.

INJINI INAYOKUFA IKIWA IMELALA

Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Mtengenezaji wa injini, Lycoming, anashauri injini ya aina hii ifumuliwe na kuundwa upya kila baada ya saa 2,000. Tukiweka dola 40,000 kwa kazi hiyo, ni dola 20 kwa saa. Lakini ushauri huo una sharti la pili: kama saa hazijatimia, injini ifumuliwe ifikapo miaka 12. Anayeruka saa 50 kwa mwaka atakuwa na saa 600 tu ndani ya miaka 12, na akiba yake inapaswa kuwa dola 67 kwa saa, si 20.

Wala si karatasi tu. Injini inayokaa wiki bila kuwashwa katika unyevunyevu wa pwani hukaushwa oili, na kutu huanza ndani. Ndege ya Pemba inayoruka mara moja kwa mwezi inaweza kuharibika mapema kuliko ya Dodoma inayoruka kila siku.

Tukijumlisha yote, gharama ya saa moja inakuwa hivi:

Saa 50 kwa mwaka: dola 625
Saa 100 kwa mwaka: dola 387
Saa 200 kwa mwaka: dola 272
Saa 300 kwa mwaka: dola 238

Kwa safari ya Dar es Salaam kwenda na kurudi, mwenye kuruka saa 50, sawa na safari moja kila baada ya wiki mbili, analipa dola 1,375. Wa saa 100 analipa dola 851. Wa saa 200, ambaye anasafiri karibu mara mbili kwa wiki, analipa dola 598. Gawanya kwa watu watatu: ni dola 458, 284 na 199 kwa kila mtu. Kipimo cha mnunuzi ni kulinganisha namba hizo na tiketi ya kwenda na kurudi anayouziwa wiki hii. Na kama rubani si yeye mwenyewe, mshahara uongezwe, na kiti kimoja kipunguzwe.

KWA NINI KAMPUNI HUMSHINDA MTU MMOJA

Kampuni zilizozoeleka na abiria wa Pemba, kama ZanAir, Coastal na Auric, zilijenga biashara yao juu ya ndege ya Cessna Caravan. Hiyo hutumia kama lita 190 kwa saa, lakini hubeba abiria 12 na kufika Dar es Salaam kwa dakika 40 hivi. Kwa kila kiti ni lita 10 kwa safari moja. Cessna 172 yenye watu watatu hutumia lita 11 kwa kila mtu, tena za avgas. Yaani kwa mafuta hawapishani sana. Tofauti ni kwamba Caravan huruka kila siku, na bima, banda na mtaji wake hugawanywa kwa maelfu ya viti.

Asijidanganye mtu kwamba atauza viti vilivyobaki. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, haimruhusu mwenye ndege binafsi kutoza nauli bila leseni ya biashara na cheti cha uendeshaji. Bima nayo inaweza kukataa kulipa ikibainika abiria walilipa.

USALAMA UNA BEI

Injini ikizimika, Cessna 172 huteleza kama kilomita 9 kwa kila kilomita moja ya kimo. Kutoka mita 2,000 itafika kilomita 18. Mkondo wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi na kina cha mamia ya mita. Katikati yake rubani hafiki pwani yoyote. Kwa hiyo majaketi ya kuokolea, boti ya kupuliza na redio ya dharura si mapambo. Viingie kwenye bajeti ya siku ya kwanza, pamoja na mafunzo: leseni ya rubani binafsi huhitaji angalau saa 40 za kuruka, na wengi hupita hapo.

NJIA ILIYOPO

Kwa hesabu hizi, chini ya saa 100 kwa mwaka nunua tiketi, na siku ya haraka kodi ndege nzima. Anayefikia saa 200 peke yake ni nadra. Lakini watu wanne wanaoaminiana, kila mmoja akiruka saa 50, wanafikisha saa hizo 200: kila mmoja analipa dola 5,100 za mwaka na dola 170 kwa saa, akiba ya injini ikiwamo. Injini hailali, na mtaji wa kila mtu ni dola 25,000.

Ushirika huo uandikwe kabla ya ndege kununuliwa: nani anaruka siku gani, nani analipa ikigongwa, mwenza akitaka kutoka hisa yake inathaminiwa vipi, na akiba ya injini inakaa kwenye akaunti ipi ya benki. Mapato ya Pemba hufuata msimu, na mkarafuu ukizaa sana mwaka huu huweza kupumzika mwaka unaofuata. Bima na banda havipumziki. Wenza waweke akiba ya gharama za mwaka mzima wakati karafuu zikiwa majamvini.