Waya wa Ethi: Ulinzi wa Uhai katika Nyumba na Taasisi Zetu

Kerege, kama ilivyo katika maeneo mengine yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, umeme huvuta maji kisimani, huhifadhi dawa katika zahanati na huendesha vipaza sauti vya ibada. Hata hivyo, mara nyingi ulinzi wake huachiwa nondo moja iliyopigiliwa nje ya ukuta, isiyokaguliwa tena. Yafaa tufahamu kwa nini nondo hiyo peke yake haitoshi.

Waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano, huunganisha gamba la chuma la kifaa na ardhi. Waya wa moto ukichubuka ndani ya friji na kugusa gamba hilo, umeme hupata njia ya kwenda ardhini. Lakini mchanga wa pwani unapokauka hupitisha umeme kwa shida, na chumvi ya bahari hula vibano na nondo za chuma cha kawaida. Tuchukue mfano wa ardhi yenye ukinzani wa omu 20: volti 230 zitasukuma ampea zisizozidi 12, na sakiti breka ya ampea 32 haitakata. Gamba litabaki na umeme, ilhali wenye nyumba wakiamini kwamba wako salama. Ndiyo maana panahitajika pia kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme mara miliampea 30 zinapovuja.

Jambo la pili ni kuunganisha vyuma vyote. Umeme humdhuru mtu anapogusa kwa wakati mmoja vitu viwili vyenye volti tofauti. Mwimbaji aliyeshika kipaza sauti kinachotumia jenereta, huku mkono wa pili ukiwa kwenye nyuzi za gitaa linalotumia umeme wa TANESCO, aweza kuwa daraja kati ya ethi mbili zisizounganishwa. Vivyo hivyo, radi ikipiga jirani, ardhi ya upande mmoja wa jengo hupanda volti kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo huweza kupita katika ampulifaya au kompyuta na kuiunguza. Dawa yake ni kuunganisha mabomba ya chuma, mnara wa tenki, fremu za sola, jenereta na nondo zote kwa waya mnene wa shaba, ili volti za vyote zipande na kushuka pamoja.

Basi, kila mwaka wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, viongozi wa parokia na shule wamwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime ukinzani wa ardhi, ajaribu RCD na kukaza vibano. Na yeyote anayehisi mtetemo wa umeme anapogusa bomba au friji asiuzoee: azime mein swichi na kumwita fundi siku hiyo hiyo. Kulinda uhai ni wajibu wa kila aliyekabidhiwa jengo na watu waliomo.