Kutoka Kifungoni hadi Mlimani: Ushairi na Utafiti wa Abdilatif Abdalla

Neno "utafiti" likitajwa, wengi wetu hufikiria maabara, darubini na mizani ya kupimia dawa. Lakini lugha nayo ni uwanja wa utafiti, na wako watafiti walioufikia kwa njia yenye miiba. Mmoja wao ni mshairi Abdilatif Abdalla.

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", akihoji mwenendo wa serikali. Kwa kosa hilo alifungwa miaka 3, tangu 1969 hadi 1972, na katika jela ya Kamiti alitengwa na wafungwa wenzake.

Kutengwa si adhabu ndogo. Binadamu ni kiumbe wa jamii. Akinyimwa mazungumzo kwa muda mrefu, usingizi wake huvurugika, hofu na majonzi humzidi, na wengine husikia sauti zisizokuwapo. Ndiyo maana Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa kwa zaidi ya siku 15 mfululizo.

Katika hali hiyo Abdilatif alitunga. Aliandika kwenye karatasi za chooni, na tungo zikatolewa nje kwa siri. Alifuata arudhi ya mapokeo. Katika shairi la kawaida la Kiswahili, ubeti huwa na mishororo 4, na kila mshororo huwa na mizani 16, yaani 8 kwa 8, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Utaratibu huu si pambo tu, bali pia ni msaada wa kumbukumbu. Neno likisahaulika, kina na idadi ya mizani hupunguza maneno yanayoweza kujaza pengo. Kwa njia hiyo wazee wetu walihifadhi tungo ndefu vichwani.

Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Alipofunguliwa mwaka 1972, Abdilatif alikuja Dar es Salaam, akawa mtafiti katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu, pale Mlimani, eneo lililokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya kuundwa Wilaya ya Ubungo. Taasisi hiyo, yenye asili yake katika Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ilikuwa ikiandaa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, iliyotoka mwaka 1981. Hivyo mtu aliyenyimwa wa kusema naye alipewa kazi ya kuchunguza usemi wa mamilioni.

Mwaka 1979 alikwenda London kutangaza BBC. Huko alikuwa miongoni mwa waliodai kufunguliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Baadaye alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, hadi mwaka 2011.

Haifai kudai kwamba ushairi pekee humponya mtu aliyeteswa. Atokaye kifungoni huhitaji pia kazi ya maana, wenzake, na mahali ambapo ujuzi wake unathaminiwa. Mlimani palimpa Abdilatif nafasi hiyo kwa miaka 7, na Kiswahili kikafaidika. Taasisi zetu za elimu na zijiulize: leo, ni nani anayesubiri mlangoni?