Mgonjwa karudi nyumbani, nani atapiga hodi?

Mzee wa kijijini Chamwino au Bahi akipatwa na kiharusi, ukoo mzima humsindikiza hospitali. Akiruhusiwa kutoka wodini, mzigo humwangukia mtu mmoja, mara nyingi mke, binti au mkwe. Huyo ndiye wa kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, kumlisha uji na kumkumbusha dawa za presha. Mvua za Januari zikijaza makorongo, hata bodaboda ya kumpeleka kliniki huwa shida.

Wengi huamini kuhudumiwa nyumbani ni anasa ya wenye uwezo wa kumlipa muuguzi binafsi. Sivyo. Utaratibu huu ulikua nchini miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipojaza wodi. Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano.

Kinachoangaliwa ni hali ya mtu, si mfuko wake: asiyeweza kuinuka kitandani, mwenye saratani, anayetumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza VVU, mama aliyejifungua na kichanga chake. Mhudumu huwatembelea, hutoa ushauri, hufuatilia dawa na kuwapa rufaa ya kwenda zahanati dalili za hatari zikionekana. Yeye si daktari; hapangi dawa wala hachukui nafasi ya hospitali.

Faida yake ni kwamba tatizo hugundulika mapema. Kidonda kilichoonwa kikiwa chekundu tu hakihitaji nauli ya kwenda Dodoma mjini. Naye anayeuguza hupata wa kumwelekeza namna ya kumnyanyua mgonjwa bila kujiumiza kiuno.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka wodini, ndugu waombe maelezo ya maandishi ya kupeleka zahanati ya kijiji, kisha wamuulize mwenyekiti wa kitongoji mhudumu wao ni nani. Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo aulizie pia msamaha wa matibabu, ambao umo katika Sera ya Afya ya 2007. Kitongoji kikiwa hakina mhudumu, hiyo ni hoja ya mkutano wa kijiji, isemwe waziwazi na iandikwe kwenye muhtasari.