Tulikwenda kuliona jiwe la Mugere

Mwezi huu tunawaletea habari za jiwe la Livingstone na Stanley.

Tulikuwa walimu wanne wa kujitolea, kila mtu na kibali chake mfukoni. Tulipanda hiasi Bujumbura, tukashika barabara ya kusini kandokando ya Ziwa Tanganyika. Ni kilomita kama 10 hivi tu. Jiwe ni kubwa, liko mlimani kidogo, na ziwa linaonekana kule chini. Limechongwa majina mawili na tarehe: 25-XI-1871.

Mwenzetu akasema, "Kumbe ndipo walipokutana!" Hapana, ndugu. Walikutana Ujiji, ambayo leo iko Tanzania, kisha wakaja huku kwa mtumbwi. Mugere walilala siku mbili tu, wageni wa chifu Mukamba. Walitaka kujua kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wakakuta unaingia. Maji ya ziwa hutokea upande wa Kongo, kwa Mto Lukuga.

Lakini wavuvi wa Rusizi walilijua jambo hilo tangu zamani. Na waliopiga makasia je? Majina yao hayamo katika jiwe.

Wazazi, wengi wetu tulivuka Rusizi huohuo, na watoto wadogo hawakumbuki kitu. Waambieni mlipita wapi, nani aliwapa maji, nani aliwabebea mzigo. Waje na majina hayo darasani, tuyaandike kwenye daftari. Tusingoje mgeni atuchongee jiwe.