Karatasi Inayostahimili Wino: Jinsi ya Kuchagua Shajara ya Mwaka wa Masomo

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kuanza, wengi wetu katika vyuo vikuu vya nchi hii hutafuta shajara mpya, ile ambayo hapa Lubumbashi huitwa ajenda kwa kufuata Kifaransa. Aghalabu mnunuzi hutazama jalada, huuliza bei, hupapasa kurasa kwa vidole ili kupima unene wake, kisha hulipa. Kwa mtu anayeandika kwa biki, njia hiyo yatosha. Lakini wako bado miongoni mwetu wanaoandika kwa kalamu ya wino, na idadi yao si ndogo kama inavyodhaniwa. Hao hujikuta mwezi wa pili wa mwaka wakiwa na shajara ambayo kurasa zake haziandikiki ila upande mmoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu ya jambo hilo, na jinsi ya kuliepuka kabla ya kutoa fedha.

Ni vema kusema kwanza kwa nini jambo hili linastahili kurasa za jarida la wanaisimu. Kwa mhadhiri, shajara si pambo la mezani. Ndani yake huandikwa saa za kufundisha zilizokwisha kutolewa, tarehe za mitihani, na ahadi aliyopewa mwanafunzi kuhusu sura ya pili ya tasnifu yake. Panapozuka ubishi juu ya saa zilizofundishwa, ukurasa huo ndio shahidi wa kwanza, na shahidi asiyesomeka hana faida. Zaidi ya hayo, mtafiti wa lugha za Kibantu huandika humo humo maneno aliyoyasikia njiani au sokoni, pamoja na alama za toni. Chukua mfano wa Kilingala unaojulikana na kila mmoja wetu: moto ni mtu, lakini motó, yenye toni ya juu mwishoni, ni kichwa. Tofauti nzima imo katika kistari kisichofikia milimita mbili. Wino ukitambaa kidogo tu, kistari hugeuka doa, na mwandishi mwenyewe, akirudi kwenye ukurasa wake baada ya miezi mitatu, hana tena hakika ya alichokisikia.

Tuingie sasa katika kiini cha mambo. Wino wa biki ni kama uji mzito wenye asili ya mafuta. Hubaki pale kitufe kilipouweka. Wino wa kalamu yenye nibu ni maji yaliyotiwa rangi. Karatasi nayo ni mkeka wa nyuzi za selulosi, na baina ya nyuzi hizo mna mianya midogo mno inayovuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Karatasi isiyotiwa chochote hunywa wino mara moja. Mfano wake tunao: kikaushio, ile karatasi ya kufyonzea wino, si kitu kingine ila karatasi iliyoachwa bila gundi kwa makusudi. Ili karatasi iandikike, mtengenezaji hulazimika kuziba mianya hiyo kwa kiasi fulani, na kazi hiyo ndiyo tunayoiita hapa kutia gundi.

Historia ya gundi hiyo ni ndefu. Watengenezaji wa karatasi katika nchi za Kiarabu walitumia wanga. Wale wa Fabriano, nchini Italia, tangu karne ya 13 walitumia gundi iliyochemshwa kutoka katika ngozi za wanyama. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Illig alitangaza njia ya kutumia utomvu wa msonobari pamoja na shabu, njia iliyorahisisha kazi ya viwanda lakini ikaacha asidi ndani ya karatasi. Vitabu vingi vya zamani katika maktaba zetu, vile vyenye kurasa za hudhurungi zinazovunjika kama majani makavu, vinaumwa ugonjwa huo. Siku hizi viwanda vingi hutumia kemikali zisizo na asidi, na juu yake hupaka wanga usoni mwa karatasi.

Gundi ikiwa haba, matokeo ni matatu, nasi hatuna budi kuyatofautisha kwa majina, maana wauzaji huyachanganya. La kwanza ni kutambaa: wino hufuata nyuzi kandokando, na ukingo wa herufi huota vinyweleo. La pili ni kupenya: wino huvuka karatasi nzima na hata kutia madoa ukurasa unaofuata. La tatu ni kivuli: wino haukupenya, lakini maandishi yanaonekana upande wa pili kwa sababu karatasi ni nyembamba. Kutambaa na kupenya ni kasoro za gundi. Kivuli ni jambo la unene na weupe tu, na mtu anaweza kukizoea.

Hapo ndipo tunapotofautiana na desturi ya sokoni. Muuzaji atakuambia: hii ni gramu 80, ile ni gramu 100, chukua ya 100. Gramu hizo ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi. Hazisemi neno lolote kuhusu gundi. Karatasi ya kawaida ya mashine za kunakilia ina gramu 80, na nyingi hutambaza wino vibaya, kwa kuwa ilitengenezwa kupokea unga wa mashine. Kinyume chake, karatasi ya Kijapani iitwayo Tomoe River, inayotumika katika shajara za Hobonichi, ilipata sifa kwa gramu 52 tu, ikastahimili wino mwingi bila kupenya. Kivuli inacho, tena kikubwa. Karatasi ya Clairefontaine, inayotengenezwa Ufaransa katika eneo la Vosges na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1858, ina gramu 90 na uso laini kama kioo. Daftari za Rhodia zenye gramu 80 nazo zinaaminika. Katika shajara za chuo, jina ambalo wasomaji wa Kifaransa hulijua zaidi ni Quo Vadis, iliyoanza Marseille mwaka 1952 kwa ubunifu wa daktari Beltrami wa kuonyesha juma zima katika kurasa mbili zinazoelekeana. Hata hivyo jina la jaladani si dhamana, kwa sababu kampuni moja huweza kutumia karatasi mbalimbali katika bidhaa zake. Jaribio la mkono halina mbadala.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Nenda dukani na kalamu yako ileile, yenye wino uleule, na umwombe mwenye duka ruhusa ya kuandika katika ukurasa wa mwisho. Andika neno lenye alama za toni. Chora mistari inayokatana. Kisha weka ncha ya nibu juu ya karatasi, uhesabu hadi tatu bila kuisogeza. Geuza ukurasa: nukta ile ikiwa haikupenya, maandishi ya kawaida hayatapenya. Ujaribu na upande wa pili, kwa sababu pande mbili za karatasi moja pengine hazifanani. Mwenye duka akikataa wino (na ana haki yake), chovya ncha ya kidole katika maji na uguse pembe ya ukurasa wa mwisho, kwa idhini yake pia. Tone likibaki limekaa juu, karatasi ina gundi ya kutosha. Likinywewa papo hapo na kuacha alama ya giza, rudisha shajara mahali pake.

Karatasi nzuri ina gharama yake pia: kwa kuwa hainywi wino, wino hukawia kukauka, hasa wakati wa masika, hewa inapojaa unyevu. Anayeandika kwa mkono wa kushoto atateseka zaidi. Kipande cha kikaushio ndani ya shajara chatosha. Mafuta ya kiganja nayo huzuia wino kushika. Ukiona nibu inarukaruka chini ya ukurasa, usiilaumu kalamu, weka karatasi chini ya mkono. Kuhusu nibu, chagua nyembamba. Ile ya Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya Ulaya hata kama zina alama moja.

Wino unahitaji onyo moja. Ule wa buluu wa wanafunzi, unaofutika kwa kalamu ya kufutia, haufai kamwe kuandikia alama za mtihani wala saa za kufundisha. Kinachofutika kwa urahisi hufutika pia kwa nia mbaya, na paa likivuja, maji hukamilisha kazi. Wino wenye chuma, au wenye chembe za rangi, hustahimili maji, ilimradi usiachwe ukauke ndani ya kalamu.

Limebaki suala la kalenda, na hapa shajara za ng'ambo hutuangusha. Zile za chuo huanza Agosti au Septemba na kuisha majira kama hayo mwaka unaofuata, ilhali mwaka wetu wa masomo aghalabu huanza baadaye na mara nyingi hurefuka. Zinaonyesha 14 Julai ya Wafaransa, na hazijui 4 Januari, 16 na 17 Januari, 17 Mei, 30 Juni wala 1 Agosti. Sembuse 6 Aprili, siku ya Kimbangu, iliyoingizwa mwaka 2023. Tena mwenye mikutano ya mbali na Kinshasa akumbuke kwamba saa ya Lubumbashi iko mbele kwa saa moja, jambo ambalo hakuna safu yake katika shajara yoyote. Kwa sababu hizo, tunaona shajara isiyo na tarehe inatufaa zaidi kuliko ile iliyochapwa tarehe: mwenyewe hujaza siku, na muhula ukichelewa hapotezi kurasa.

Ikikosekana, nunua daftari lenye karatasi njema, lililoshonwa kwa uzi ili lifunguke na kulala bapa, ujipigie mistari kwa rula: safu sita za siku upande wa kushoto, ukurasa mtupu upande wa kulia kwa maneno yaliyosikika. Kupiga mistari ya muhula mzima ni kazi ya alasiri moja au mbili, na baadhi ya wanafunzi hushirikiana, mmoja akipima, mwingine akipiga.